Nina Warumi 60 mezani, adui yao sina

Yaya Mshauri, jambo.

Mimi ni fundi wa simu hapa Lubumbashi, kibanda changu kiko Katuba. Nina miaka 27 na ninakaa kwa kaka yangu mkubwa, mke wake na watoto wao. Tangu nikiwa masomoni ninapenda historia ya zamani, hasa vita vyake. Mwaka jana rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye alinionyesha mchezo wa vita vya kale unaochezwa mezani kwa sanamu ndogo za askari, rula na dadu. Tuliucheza jioni moja kwa vifuniko vya chupa, na tangu hapo sina habari ya kitu kingine.

Mtu aliyekuwa anarudi kutoka Johannesburg aliniletea kisanduku cha Warumi 60 wa plastiki, wale wa milimita 28, wenye deraya za mikanda ya chuma. Nimeunganisha 16, nimepaka rangi watatu, nimekwama hapo. Rafiki yangu naye amepata tembo watatu wa Hannibal, yule jemadari wa Carthage aliyepigana na Roma, lakini ni wa kipimo cha 1/72, yaani mara 72 ndogo kuliko halisi, na watu wao wakisimama karibu na Warumi wangu wanaonekana kama watoto. Tena ananiambia Warumi wangu ni wa zamani za makaisari, Hannibal alikwisha kufa kitambo.

Sasa tunabishana. Yeye pia anaitaka Roma, anasema ndiyo inayoshinda. Mimi moyo wangu uko Kushi, ule ufalme wa kale wa Nubia kusini ya Misri, kwa wale watu wa Meroe na malkia wao aliyepigana na Warumi, ila nimeambiwa jeshi lao halina deraya na litapigwa kila siku. Na sioni wapi nitapata sanamu zao. Nimebakiwa na dola 120. Niuze hawa 60 nianze upya na askari wadogo zaidi? Nimkubalie rafiki yangu? Au niyeyushe risasi ya betri na ya kulehemu, vitu ambavyo kwangu havikosekani, nimimine askari wangu mwenyewe?

La mwisho: kaka yangu anasema mtu mzima hanunui vidoli kwa pesa ya kuoa. Simjibu, lakini inaniuma.

Fundi wa Simu, Katuba

*

Mdogo wangu,

Nianze na risasi, kwa sababu hiyo haiwezi kusubiri. Usiyeyushe. Betri ya gari ina risasi na tindikali, waya wa kulehemu wa kizamani nao una risasi, na ukivitia motoni nyumbani kwa kaka yako, moshi na vumbi lake vitatua sakafuni, kwenye nguo, kwenye masufuria. Watoto wanaochezea hapo chini ndio watakaolishika vumbi hilo na kulitia mdomoni. Risasi huharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo sana, na kilichoharibika hakirudi. Askari utawatengeneza kwa mkono, na ninataka uwatengeneze, ila kwa njia nyingine nitakayokueleza.

Warumi wako usiwauze. Mtu anayeanza mikono mitupu ningemwambia achukue askari wa milimita 15: bei yao ni ndogo, jeshi zima linaingia kwenye boksi la viatu, na meza ya sentimita 60 kwa 60 inawatosha. Wewe huanzi mikono mitupu. Kisanduku kilichofunguliwa, 16 wamekwisha kubandikwa gundi, katika mji ambao wanaoujua mchezo huu ni wachache, hakitakurudishia pesa yako. Na hata ukianza upya na wadogo, utakwama palepale, maana ukubwa wa askari sio uliokukwamisha. Umenunua upande mmoja wa vita. Anayekaa London anaweza kujenga Roma peke yake, akijua siku ya klabu atakuta mtu mwenye Wagali, mwingine mwenye Waajemi. Kwetu hapa ukijenga jeshi moja utalitazama tu kabatini. Jenga majeshi mawili madogo yaliyowahi kupigana kweli, yawe yako yote mawili. Hapo yeyote atakayeketi mezani kwako, awe rafiki, shemeji au jirani, ana jeshi la kuongoza siku hiyohiyo, bila kununua hata dadu.

Na adui wa Warumi hao umemtaja mwenyewe. Nenda Kushi.

Miaka ya 25 KK hivi Wakushi walishuka na mto Nile, wakateka Syene, ndiyo Aswan ya leo, pamoja na Elephantine na Philae, wakaziangusha sanamu za Kaisari Augustus. Mwandishi Mgiriki Strabo, aliyekuwa Misri siku hizo, anasimulia kwamba Petronius, gavana wa Kirumi wa Misri, aliwaendea na askari wa miguu wasiofika 10,000 na wapanda farasi 800, wakati wao walikuwa 30,000. Anataja hata walichobeba: ngao kubwa ndefu za ngozi mbichi ya ng'ombe, na mikononi mashoka, mikuki, wengine panga. Petronius aliwashinda, akafika mji wao wa Napata akaubomoa, akaacha askari 400 katika ngome ya Premnis wakiwa na chakula cha miaka miwili. Malkia, ambaye Strabo anasema alikuwa na jicho moja na ambaye wengi leo humtambua kuwa Amanirenas, akarudi na maelfu ya watu. Mwishoni wajumbe wake walikwenda mpaka kisiwa cha Samos kuonana na Augustus mwenyewe, akawapa walichoomba na kodi akaifuta. Mwaka 1910 wanaakiolojia walichimbua Meroe kichwa cha shaba cha Augustus, kimefukiwa chini ya ngazi za hekalu, mahali ambapo kila anayeingia alikuwa akikikanyaga. Vita vyenye habari za namna hii, idadi ya watu, silaha, ngome na mto, ni hazina kwa mtu wa mchezo wetu.

Atatokea wa kukuambia kwamba deraya za mikanda ni za baadaye, kwamba Warumi wa Petronius walivaa zile za vipete vya chuma. Ni kweli. Kisanduku chako kimepishana na vita hivi kwa kizazi kimoja au viwili, si kwa miaka 200 kama ilivyo kwa Hannibal, na mimi ningecheza nacho bila kusita.

Sasa hesabu. Tumia kanuni za vibao 12 kwa kila jeshi. Zinazojulikana zaidi ni De Bellis Antiquitatis za Mwingereza Phil Barker, zilizotoka 1990. Askari hasimami peke yake, hubandikwa na wenzake juu ya kibao, na kwa ukubwa wa sanamu zako kibao kina upana wa milimita 60. Askari wazito hukaa wanne kwa kibao, wapanda farasi watatu, warusha mikuki wepesi wawili. Vibao saba vya legioni, wale askari wazito wa Kirumi, ni watu 28 tu. Unaona? Roma unayo tayari na zaidi ya nusu ya kisanduku inabaki! Kati ya waliobaki, tafuta 12 uwape ngao za umbo la yai ulizokata kwenye kadibodi ngumu, uwapake deraya kama ngozi, wawe askari wasaidizi, vibao vitatu. Vibao viwili vya farasi vinakamilisha jeshi.

Kushi mimi ningeipanga hivi: vibao vitano vya mashoka na mikuki vyenye zile ngao kubwa, vinne vya wapiga upinde, viwili vya farasi na jemadari akiwa juu ya kimoja, kimoja cha warusha mikuki wepesi. Farasi usiwapuuze upande huo. Miaka 700 kabla ya Petronius, mfalme Piye wa Kushi alipouteka mji wa Hermopolis huko Misri, aliandika kwenye jiwe lake hasira aliyoipata alipokuta farasi wa adui wameshindishwa njaa. Ni watu waliopenda farasi tangu zamani. Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende kwenye farasi 12 wa plastiki wa milimita 28, watakaogawanywa pande zote mbili, na wapandaji wa Kushi utawafinyanga mwenyewe.

Ila kabla ya kutoa hata dola moja, kata vipande 24 vya kadibodi vya upana ule wa milimita 60, andika juu yake "legioni", "upinde", "farasi", mcheze hivyo wiki kadhaa. Meza ya mita 1.2 kila upande inatosha. Mtaujua mchezo, na utaona kama mpango wangu wa vibao unakufaa au unahitaji kubadilishwa, wakati kubadilisha bado ni kazi ya mkasi.

Unasema huoni wanakouza Wakushi. Jeshi hili ndilo jepesi kuliko yote kulitengeneza kwa mkono: kifua wazi, kipande cha ngozi kiunoni, hakuna deraya, hakuna kofia ya chuma yenye manyoya, na ile ngao kubwa inafunika nusu ya mwili pamoja na makosa ya mfinyanzi. Na wewe una mikono ya fundi wa simu, una kioo cha kukuzia, vibano, na waya nyembamba za shaba. Kunja waya uwe mifupa ya mtu, miguu ishuke chini ya nyayo milimita tano ili ichomekwe kwenye kibao, na kutoka wayo hadi jicho pawe milimita 28. Nyama yake ni ule udongo wa gundi wa sehemu mbili unaokandwa pamoja, wanaozibia mabomba na matangi, maduka ya vifaa vya ujenzi wanao. Ukishaukanda, usianze mara moja. Uache ukaze kidogo, kisha ulowanishe chombo chako kwa maji ili usinate. Siku ya kwanza weka mwili tu, mwembamba kuliko unavyodhani unahitaji. Siku ya pili, ukiwa umekauka, weka nguo, nywele na uso. Anayelazimisha yote siku moja hubonyeza mguu akirekebisha pua.

Wala usifinyange watu 40 mmoja mmoja, utachoka. Finyanga miili mitatu mizuri: anayetembea, anayerusha, anayevuta upinde. Itengenezee kalibu kwa silikoni ya kuzibia madirisha iliyokandwa na wanga wa mahindi, kisha bonyeza udongo wa gundi ndani yake. Mikono na vichwa vigeuze kwa waya kabla havijakaza, kila mtu apate msimamo wake. Kalibu iwe ya sanamu zako mwenyewe. Kunakili za kampuni ni kuchukua jasho la mchongaji mwingine, hata kama ni mbali. Mikuki itoke kwenye nyuzi ngumu za brashi, upinde kwenye waya mwembamba.

Kuna jambo ningependa ulitazame kwenye picha. Katika kaburi la Mesehti huko Asyut, Misri, kulikutwa majeshi mawili ya sanamu za mbao ya miaka kama 2000 KK, wapiga upinde 40 wa Nubia na wabeba mikuki 40 wa Misri, wamepangwa wanne wanne katika safu kumi. Leo wako katika makumbusho ya Cairo. Angalia ngao za wale Wamisri: mabaka ya ngozi ya ng'ombe yanatofautiana, moja lina madoa meusi makubwa, jingine mekundu yaliyotawanyika, na urefu wa watu unapishana. Yule fundi wa miaka 4000 iliyopita alikuwa anajua kwamba jeshi ni watu, kila mmoja na ngao ya ng'ombe wake. Fanya hivyo kwa Wakushi wako. Ngao nyeupe-maziwa, weka doa la kahawia, lingine jeusi, usirudie mchoro, na kibao cha watu wanne kitapata uhai ambao hakuna kisanduku cha dukani kitakupa.

Kuhusu rangi ya mwili, hapa wengi huharibu. Kopo lililoandikwa rangi ya ngozi limetengenezwa kwa ajili ya Wazungu, liache kwa Warumi, na hata wao uwaongezee kahawia kidogo maana wamechomwa na jua la Misri. Kwa Wakushi changanya kahawia iliyokolea na nyeusi chembe. Ikikauka, sehemu zinazopokea mwanga, yaani paji la uso, pua, mabega na magoti, zipake kahawia iliyotiwa rangi ya chungwa au hudhurungi ya udongo. Nyeupe usiisogeze kabisa. Nyeupe ndani ya kahawia humfanya mtu apauke, aonekane mgonjwa, wakati machungwa humpa joto la ngozi yenye afya. Jaribu kwa mmoja uone tofauti.

Paka wanane kwa pamoja, rangi moja kwa wote, ukianza na mwili, kisha nguo, mwisho silaha. Kabla ya hapo waoshe kwa maji ya sabuni. Ile rangi nyeupe au nyeusi ya kutangulia, kama ni ya kopo la kupuliza, usiipulize mvua zikinyesha, unyevu huifanya iwe na ukungu. Mwezi wa saba nao una upepo wa vumbi. Mwaka mzima brashi na rangi ya akriliki ya kutangulia ni salama zaidi, na fanya kazi mchana, umeme ukikatika hutakwama. Udongo wetu mwekundu wa Katanga usiuweke kwenye vibao bila kuupaka, maana Nubia ni mchanga wa manjano iliyofifia, na ukanda mwembamba wa majani karibu na maji.

Tembo wa rafiki yako, mwambie awapime begani. Tembo wa Afrika ya Kaskazini waliotumiwa na Carthage walikuwa wadogo, inakadiriwa mita 2.5 hivi, kwa hiyo kwa kipimo cha askari wako bega linatakiwa kuwa kama milimita 45. Sanamu ya 1/72 ya tembo mkubwa wa porini hufika karibu na hapo. Ukiondoa watu wao na kuweka wa saizi yako, tembo wenyewe wanafaa. Lakini wangoje. Kule Musawwarat es-Sufra, Sudani, Wakushi wamechonga tembo wengi ukutani, ila kama waliwapeleka vitani bado wataalamu hawajaafikiana, na katika vita vya Petronius Strabo hataji hata mmoja. Siku mkijenga Carthage watapata kazi, na ikiwa ni vita vya Zama vya 202 KK, Hannibal na Roma, watapata kazi nyingi.

Na hofu ya kupigwa kila siku? Ukiwapanga Wakushi uwandani wakitazamana na legioni kifua kwa kifua, ndiyo, utapigwa. Kila zamu dadu moja ndiyo inakupa idadi ya amri, kuanzia 1 hadi 6, na kundi lililoshikana husogea kwa amri moja. Jeshi jepesi lililotawanyika humaliza amri zake bila kufika popote. Gawa lako makundi mawili tu, wapiga upinde na ngao upande mmoja, farasi upande mwingine, chagua ardhi yenye miamba na ukingo wa mto, umlazimishe Mrumi avunje safu yake ili akufikie. Akipoteza vibao vinne, wewe ukiwa umepoteza vichache kuliko yeye, amekwisha. Rafiki yako aanze na Roma kama anavyotaka, mchezo unaofuata mbadilishane. Mkibadilishana kila mara, ugomvi wa nani ana jeshi zuri hauna pa kukaa.

Kaka yako ana haki juu ya jambo moja tu, pesa, na hapo mpe jibu la wazi. Dola 120 hizo, mwambie 60 zinaingia kwenye mahari leo, anakuona ukiziweka, na zilizobaki ndizo za farasi, rangi, brashi mbili nzuri na udongo wa gundi, hutaongeza mpaka vibao vyote 24 viwe vimekamilika. Kisha litimize. Kuhusu kuitwa vidoli, usibishane naye. Siku meza ikiwa tayari mwombe aongoze Kushi.

Mchezo huo uwe Premnis. Weka ngome ya kadibodi katikati, kibao kimoja cha legioni ndani yake kikiwa ndio wale 400, vibao vyote 12 vya Wakushi viingie kutoka kusini, na Petronius na vibao vyake 11 vilivyobaki viingie kutoka kaskazini zamu ambayo dadu itatoa 5 au 6. Strabo anasema Petronius aliwahi kufika ngomeni kabla ya malkia. Mezani kwenu si lazima awahi.

Yaya wako, Mshauri